Makofi kwa Mwenye Taa

Jumapili, 14 Januari 1951

Mvua. Soksi zangu hazijakauka tangu Ijumaa. Mwalimu Yokheved ametuambia kila mmoja achague lengo moja la majira haya ya baridi na alifuatilie mpaka mwisho. Ahuva Gromov amechagua kujifunza fidla. Mimi nimesema nitasoma zaidi. Uongo! Lengo langu ni kumfanya Baba awe mwanachama.

Kundi la maigizo analoigiza Baba ni la ushirika. Wanachama ndio wenye jumba, ndio wanaogawana nafasi za kuigiza, ndio wanaopiga kura nani aingie. Baba yuko kwenye majaribio, na haya ni majira ya pili. Jumatatu ya wiki ijayo, tarehe 22, watapiga kura. Wakimkataa tunahamia Haifa kwa Mjomba Bruno, na Baba atakuwa anajaza pamba kwenye magodoro. Mjomba ameshamletea aproni. Anasema watu hulala kila siku lakini hawaendi kutazama maigizo kila siku. Mama siku hizi hamjibu mtu. Amechoka.

Kule Chernovitsi, tulikotoka, Baba alikuwa akiigiza wafalme, kwa Kiyidishi, lugha yetu ya nyumbani. Hapa Tel Aviv, kwa Kiebrania, anaigiza mtumishi. Sehemu ya tatu ya mchezo anaingia na taa ya chemli na kusema, "Bwana, farasi wamefika." Basi. Anatoka. Miaka miwili anawatangaza farasi haohao.

Jumatatu, 15 Januari

Mpango wa kwanza: matamshi.

Nimesoma kwamba wasemaji wa zamani walijaza kokoto mdomoni ili ulimi upate nguvu. Kokoto hatuna, mvua imezizika. Nimetumia kokwa za zeituni. Nilimwambia Baba aziweke chini ya ulimi na aseme farasi wamefika. Alisema. Kokwa moja ikafika tumboni. Jirani alikuja kumpiga mgongoni, akauliza kama tuna kichaa nyumba nzima.

Baba hakukasirika. Alikaa kitandani na kofia yake kichwani, akasema, "Rozika, mama yangu, Gromov yuko nchi hii miaka thelathini na Kiebrania chake bado kinanuka kabichi ya Odessa. Umewahi kuona mtu akimpa kokwa?"

Ni kweli! Ndugu Gromov ni mmoja wa waanzilishi wa kundi. Anavuta maneno Kirusi, na kundi zima linavuta kama yeye, hata waliozaliwa hapahapa. Kwa hiyo kosa la Baba si kwamba anaongea kama mgeni. Anaongea kama mgeni wa kwingine.

Kokwa nimezitupa. (Shuleni naitwa Vered. Mwalimu Yokheved alinibadilisha jina siku ya kwanza. Baba peke yake bado ananiita Rozika. Hata hilo la Rozika, mbele ya walimu hulimeza nusu, kwa aibu.)

Jumanne, 16 Januari

Ahuva ni mjukuu wa Ndugu Gromov na hakuna siku inayopita bila sisi kukumbushwa. Leo wakati wa mapumziko alieleza jinsi babu yake akiingia tu jukwaani, kabla hajafungua mdomo, watu wanapiga makofi. Mchezo unasimama. Anainama. Makofi yakiisha ndipo anaanza kuigiza. Ni haki ya waanzilishi, kasema, wengine hawapewi. Halafu akaniuliza, mbele ya wote, kama baba yangu naye hupigiwa.

Nikajibu kwamba baba yangu watu humpigia moyoni.

"Eti moyoni!" kasema Ahuva. "Moyo una mikono?"

Darasa zima likacheka. Nimekula mkate wangu chooni. Lakini humo ndimo wazo lilimonijia. Jumamosi jioni, Sabato ikiisha, Mwalimu Yokheved anatupeleka kutazama mchezo. Tutakaa roshani, darasa zima. Darasa zima lina mikono mingi sana. Baba akipigiwa makofi ya kuingia kama mwanzilishi, wanachama watapataje kumkataa siku mbili baadaye?

Alhamisi, 18 Januari

Mpango wa pili unakwenda vizuri mno.

Mama alikuwa ameficha kopo la tini kavu na lozi kwa ajili ya sikukuu ya miti, siku ya kupanda miche na kula matunda makavu. Sasa tini hazimo. Kila msichana wa darasa, isipokuwa Ahuva, amepata tini moja, na ahadi ya lozi baada ya kazi. Kwa jinsi vyakula vinavyopatikana kwa mgao, wangepiga makofi hata kwa kiti.

Shida ilikuwa moja. Watamjuaje? Baba hubandikwa ndevu na kuvutwa kofia mpaka puani. Nimeitatua kwa urahisi: mpigieni mwenye taa! Hakuna mwingine anayeingia na taa katika mchezo wote.

Tsivya, ambaye huuliza maswali kila somo, aliuliza itakuwaje wakiingia watu wawili wenye taa. Nikamwambia asiwe mjinga. Jumba lile lina umeme.

Jumamosi, 20 Januari

Siwezi kuandika.

Nimekunywa chai. Naandika.

Dhoruba. Pazia lilikuwa limefunguka tu, umeme ukakatika mtaa mzima. Mwongozaji alitoka akaomba radhi, akasema waigizaji wa Kiebrania hawajawahi kuzuiwa na giza. Zikakusanywa taa: za jukwaani, za mlinzi, mpaka karabai ya muuza samaki wa ng'ambo ya barabara. Kisha mchezo ukaendelea. Na kila mwigizaji aliingia ameshika taa yake mkononi!

Darasa letu limefundwa vizuri. Linatii.

Wa kwanza kuingia alikuwa Ndugu Zelda, anayeigiza kijakazi. Roshani ikalipuka. Ndugu Zelda amengoja makofi ya kuingia tangu ujana wake. Aliganda, akaweka taa chini, akainama, akalia, akainama tena. Akaingia daktari. Makofi! Daktari alirudi nje, akaingia upya ili ayapate vizuri zaidi. Akaingia bwana harusi, makofi. Akaingia askari wa zimamoto, ambaye hayumo kwenye mchezo, amekuja kukagua kama taa hazitaunguza mapazia. Makofi makubwa kuliko yote! Naye akainama.

Nikawa nawapungia mikono waache. Wakadhani nawahimiza.

Ndipo akaingia Ndugu Gromov. Alipigiwa sawasawa na zimamoto. Hata kidogo chini yake. Uso wake sitausahau.

Kufika sehemu ya tatu watu wengi walikuwa wameshaondoka kuwahi basi. Wasichana viganja vimewawaka. Tsivya kalala juu ya ukingo wa roshani. Akaingia Baba. Na taa yake. Hakuna aliyepiga kofi hata moja. Nilitaka kupiga mwenyewe, lakini Mwalimu Yokheved alikuwa ameshagundua chanzo cha yote, na ameishika mikono yangu miwili, kwa nguvu.

Baba alisimama. Nilidhani amesahau. Mvua ilisikika juu ya bati. Akainua taa kidogo, akamtazama Ndugu Gromov, na akasema polepole, kama mtu aliyewaleta kwa miguu kutoka mbali sana, "Bwana, farasi wamefika."

Ndugu Gromov alitakiwa kujibu papo hapo. Hakujibu papo hapo. Chini mtu alipenga kamasi.

Baba akatoka.

Nimeharibu kila kitu.

Jumapili, 21 Januari

Mwalimu Yokheved amenipa adhabu ya kuchimba mashimo yote ya miche ya kesho. Ahuva ameshamweleza babu yake mambo yote, pamoja na tini. Wasichana wanadai lozi. Mama amefungua kopo. Aliliangalia ndani, akalifunga, akaenda kulala saa kumi alasiri.

Nilimwomba Baba msamaha. Alikuwa anajaribu aproni ya Mjomba Bruno mbele ya kioo, ili ajue tu, kasema. Ilimtosha. Hilo ndilo lililoniumiza.

Kisha akasema nisilie. Akasema kule Chernovitsi, alipokuwa mfalme, watu walikuwa wakitafuna mbegu za alizeti na kupiga soga mpaka anakufa jukwaani. Tangu aanze kazi hii hajawahi kunyamaziwa namna ile. Alisikia kila neno lake likifika mpaka ukutani. Akasema mwigizaji anaweza kuishi miaka mingi kwa ukimya mmoja wa namna hiyo.

Maskini Baba. Anajifariji.

Jumatatu, 22 Januari

Sikukuu ya miti. Nimechimba tangu asubuhi. Mche wa Ahuva umesimama wima. Wangu umelala.

Wanachama walikutana alasiri. Baba, kwa kuwa si mwanachama, aliwekwa kwenye kiti cha korido, lakini mlango wao ni mbao nyembamba. Ametusimulia yote mezani.

Hoja ya kwanza ilikuwa makofi. Ndugu Zelda alisema ya kwake yalikuwa ya kwanza na ya dhati, kwa hiyo apewe nafasi kubwa msimu ujao. Yule anayeigiza daktari akasema yeye alipigiwa mara mbili. Zelda akamwambia, "Mara mbili kwa sababu uliingia mara mbili, mwizi wee!" Ndugu Gromov akatangaza kwamba katika nyumba ambamo zimamoto hupigiwa makofi yeye hakai, anakwenda Amerika. Mtu wa nyuma akapendekeza zimamoto awe mwanachama. Kura ikapigwa. Alikosa kidogo tu.

Halafu muda ukaisha. Ukumbi ulihitajika kwa mazoezi. Hoja ya Zaltsman, yaani Baba, imeahirishwa mpaka baada ya Pasaka. Hadi hapo aendelee kama alivyo. Majaribio.

Ndugu Gromov alitoka wa mwisho, akasimama mbele ya kiti cha Baba.

"Zaltsman. Ule mtuo wako kabla ya farasi. Nani alikufundisha?"

Baba akasema hakuna, Ndugu Gromov, nilikuwa nimechoka tu.

"Basi endelea kuchoka hivyohivyo," kasema Ndugu Gromov, akaenda zake.

Mama alicheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa aproni ya Mjomba Bruno, maana sasa anaivaa yeye jikoni.

Jumanne, 23 Januari

Mvua imeacha. Soksi zimekauka.

Nimefikiri sana juu ya makosa yangu, kama Mwalimu Yokheved alivyoniagiza, na nimeyaona wazi. Kosa langu lilikuwa kutegemea watu. Watu huchoka, hulala, hudai lozi. Anachokosa Baba si makofi. Ni farasi! Miaka miwili anasema wamefika, na hakuna aliyewasikia wakifika.

Muuza mafuta ya taa wa mtaa wetu ana nyumbu, chotara wa punda na farasi, anayevuta mkokoteni wake. Nyumbu mmoja akitembezwa kwenye ubao nyuma ya pazia atatoa kishindo cha farasi hata wanne. Nimeongea naye leo baada ya shule. Amekubali, kwa Jumamosi. Amesema nyumbu wake ni mpole kama mtoto, hana neno na mtu, isipokuwa kitu kimoja tu humtia wazimu, nacho ni kusikia makofi.

Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Baba yangu hapigiwi.