Mgomo Niliouitisha Kivukoni Garsen

Leo nimeaibika. Nimeaibika mbele ya serikali, mbele ya shangazi wa mtu, na mbele ya fahali mmoja ambaye mpaka sasa nahisi ananitazama.

Wenzangu tuliokaa dawati moja mpaka darasa la nne, nawaandikia mapema, maana habari za Garsen hazingoji kivuko. Someni polepole. Msinicheke kabla ya mwisho.

Kazi yangu mnaijua. Gari likipanda pantoni, mimi natia kabari nyuma ya magurudumu lisirudi mtoni. (Kazi ndogo, lakini ukikosea, Tana inapata gari.) Wanaume wenyewe ni wavuta kamba. Kamba imefungwa ng'ambo hii na ng'ambo ile, nao husimama juu ya pantoni wakiivuta kwa mikono mpaka tuvuke.

Mmoja wao ni Komora, mtu mpole mwenye watoto wadogo wanaomkimbilia jioni kama vifaranga. Juzi vidole vyake vilibanwa kwenye kapi la kamba. Mkono ukavimba kama papai. Nyapara wetu akautazama, akamwambia aende nyumbani, mahali pake ataandikwa mtu mwingine. Komora akauliza habari ya hospitali. Nyapara akajibu kwamba hospitali iko Malindi, kana kwamba ni Komora aliyeipeleka huko.

Roho iliniuma. Sasa, mjomba wangu ni kuli bandarini Mombasa, na alipokuja kutusalimu alinieleza kwamba sheria ipo: mtu akiumia kazini, mwenye kazi amtibu, wala asimfukuze kwa jeraha alilolipatia kwake. Akanieleza na dawa ya nyapara asiyesikia. Wote mnaweka kazi chini kwa pamoja. Inaitwa mgomo. Neno lile lilinikaa kichwani. Nikajiona nimesimama, watu wamenyamaza, nahutubia. (Katika mawazo hayo nilikuwa nimevaa koti. Sina koti.)

Jana tukaambiwa Bwana Disii, Mzungu mkuu wa wilaya, atavuka leo asubuhi akielekea Malindi. Nikamwendea Buya, mkubwa wa wavuta kamba. Buya ni Mpokomo wa Ndera. Kiswahili amekiokota hapa hapa kivukoni, na kinamtosha kwa magari na ng'ombe. Nikamnong'oneza:

"Kesho tunafanya mgomo. Tukifika katikati ya mto, nikiinua mkono, acheni kamba, mgomo uanze."

Buya akachanua uso. "Wa nani?"

"Wa Komora."

"Maskini, atafurahi. Na wanawake waje?"

Nikamwambia waje, haki haina mume wala mke. Akauliza kama wavae vizuri. Nikasema ndiyo, mbele ya serikali tuonekane watu. Akauliza kama utakuwa mrefu, wabebe chakula? Jamani, machozi yalinilengalenga. Nikasema moyoni, tazama msimamo wa watu hawa!

Nilipaswa kushtuka pale alipouliza ni nani atakayeimba. Nikadhani anamaanisha hotuba. Nikajibu, "Mimi."

Asubuhi tukaenda ng'ambo kumchukua Bwana Disii. Akaingiza gari lake, yeye na karani wake mwenye miwani. Nyuma yao akapanda Galgalo, mfugaji wa Kiorma, na fahali wake. Komora alikuwemo, mkono umefungwa kitambaa. Nyapara naye alikuwemo, amenuna. Na wanawake walikuja kweli, shangazi yake Buya mbele, leso mpya tupu, wamezunguka mizigo iliyofunikwa majani ya mgomba. Nikajua ni chakula cha mgomo. Nikatia kabari zangu, nikangoja.

Katikati ya mto nikainua mkono.

Kamba ikaachwa. Pantoni ikasimama. Kimya kikatanda, kimya kile kile nilichokitaka. Nikafungua mdomo.

Ngoma zikalia.

Majani yakaruka huku na huku, na chini yake hapakuwa na chakula, palikuwa na ngoma, kubwa kwa ndogo. Vigelegele vikapanda. Shangazi yake Buya, mama mwenye nguvu za kiboko, akanifunga leso kiunoni, akanisukuma katikati.

"Mwenye shughuli ndiye aanze, mwanangu."

Nikasema nitaiokoa hotuba yangu. Nikapaza sauti: "Sisi ni wafanyakazi."

"Wafanyakazi, eee," wakaitikia.

"Sheria inatulinda."

"Inatulinda, eee."

Nikawaomba wanisikilize kwanza. Wakaimba hilo nalo, tena likawa ndilo tamu kuliko yote. Na kiuno, wenzangu, kiuno hakijasoma sheria. Kilianza chenyewe. Nilikuwa nadai haki kwa juu, kwa chini nacheza.

Bwana Disii akashuka garini. Akapiga makofi, akasema ngoma nzuri sana, asante sana. Yangeishia hapo ningewashukuru mababu. Lakini karani akafuta miwani yake, akauliza kibali kiko wapi. Tangu hii hali ya hatari ianze kule bara, hata watu kukusanyika kwa harusi kunaombewa ruhusa. Ngoma bila kibali ni kosa. Akataka kujua ni ya nani.

Vidole vyote vikanielekea. Hata vya Komora, vile vilivyokuwa vizima.

"Bwana," nikasema, sauti imekonda, "hii si ngoma. Ni mgomo."

Karani akaitazama ile leso. "Mgomo wa kiuno?"

Buya akaja mbio kunitetea. "Msimsikilize, Bwana, ana haya. Ni ngoma. Mgomo ndiyo ngoma kwa Kiswahili chao cha shule."

Hapo ndipo nilipoelewa. Maswali yale yote ya jana yakanirudia moja moja, nguo, wanawake, chakula, mwimbaji. Nikautazama mto. Mamba walikuwepo, lakini hata wao hawakunitaka.

Karani akamnong'oneza Bwana Disii tofauti ya maneno hayo mawili. Bwana Disii akakunja uso, akakunjua, akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Kisha akasema kwamba kama ni mgomo, basi kuna dai, na dai lazima lisikilizwe.

"Dai yenu nini?"

Hotuba yangu yote ilikuwa imetoka kwa jasho. Nikabaki na leso inayopepea. Nyapara akaanza kutabasamu. Nikaona sasa nimemmaliza Komora mwenyewe, kwa mikono yangu na kiuno changu.

Ndipo Komora akasogea mbele. "Mimi nilikuja kuchezewa tu, Bwana," akasema. "Lakini ukiuliza, mkono unauma."

Akafungua kitambaa. Ngoma zote zikanyamaza.

Bwana Disii akauinamia mkono ule, akautazama. Halafu akamgeukia nyapara, akamuuliza kama haijui sheria ya mtu aliyeumia kazini.

"Naijua, Bwana," nyapara akasema. "Ila nilidhani ni ya Mombasa. Huku haijavuka."

Shangazi yake Buya alicheka hadi akaketi juu ya ngoma. Bwana Disii hakucheka. Akaamuru Komora apande garini mwake mpaka hospitali Malindi, mwenye kandarasi ya kivuko atagharimia, na akirudi aikute kazi yake pale pale, asiandikwe mtu mwingine. Wanawake wakataka kupiga vigelegele, wakamtazama karani, wakavimeza.

Galgalo, aliyekuwa amemshika fahali wake pembe muda wote huo, akauliza kwa upole: "Sasa tunavuka ama tunaoa?"

Swali zuri. Nyapara akalidaka. Akasema yeye hana neno, amri ni amri, lakini kama mtu mwingine haandikwi, nani atashika nafasi ya Komora kwenye kamba mpaka apone? Kila mtu akaona kitu cha kutazama majini. Bwana Disii akasema kosa la kibali atalisamehe, na kwa kuwa kijana huyu anawapenda sana wafanyakazi, basi avute yeye.

Nikataka kufungua leso kwanza. Shangazi akakataa, akasema inanipendeza. Nikavuta nayo mpaka Garsen, fahali amegeuza shingo kunitazama.

Gari lilipoondoka Komora alikuwa amekaa mbele, kando ya karani, akanipungia ule mkono mzima mpaka vumbi likamfunika. Kwa hilo tu nitalala vizuri. Viganja vyangu vimechubuka vyote viwili, ndiyo maana maandishi haya yanatambaa. Kabari zangu anatia nyapara mwenyewe, na anazitia vibaya.

Mjomba alinieleza sheria inayomlinda mtu na mwajiri wake. Sikuwahi kumuuliza kama iko ya kumlinda mtu na mdomo wake. Basi anayetaka kucheka acheke, ila aje achekee hapa, akiwa ameshika kamba.