Pembe Moja, Mbele ya Gari

Jumatatu moja ya mwezi wa tano, mwaka wa hamsini na nne, Serikali iligundua kilichokuwa kikivuruga amani ya Embu. Haikuwa ardhi, haikuwa kipande cha kuonyesha kila kizuizini, wala haikuwa watu kuhamishwa makwao na kufungiwa vijijini nyuma ya handaki lenye vijiti vilivyochongwa. Yalikuwa ni magari mabovu. Tangazo likabandikwa sokoni Runyenjes, kurasa nne, vifungu kumi na vinne, muhuri chini, na watu wakalisogelea kwa hamu ya watu wanaojua kwamba asiyesogea huandikwa jina.

Tangazo lilisema kila gari katika tarafa lingekaguliwa Ijumaa saa tatu asubuhi. Litakalopita lingepewa cheti. Litakaloshindwa lingekuwa mali ya Serikali, kwa usalama wa mwenyewe. Magari ya raia katika tarafa nzima yalikuwa matano, kwa hiyo waweza kuona hatari ilivyokuwa imetanda.

Moja kati ya hayo matano lilikuwa pikapu ya Sulemani, mwenye bucha. Aliipata ikiwa mkweche, akahangaika nayo miaka miwili mpaka ikashika adabu, na sasa ndiyo iliyopeleka nyama Kanja na vijiji vya juu ambako watu hawakuruhusiwa kushuka sokoni. Bila pikapu, bucha yake ilikuwa meza na nzi tu, na Sulemani alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote.

Alijua na jambo jingine ambalo tangazo halikulitaja. Homgadi, askari wa kienyeji wa Serikali, walikuwa wanahitaji gari. Bwana Krofti, Bwana Shauri wa tarafa, alikuwa amesimama mbele ya bucha mara tatu akiipapasa boneti ya pikapu huku akiuliza habari za maini. Tena mfagiaji wa ofisi alimnong'oneza kwamba orodha ya magari yaliyoshindwa ukaguzi wa Ijumaa ilikwisha kupigwa taipu Jumatatu, ili siku yenyewe pasiwe na msongamano. Pikapu ya Sulemani ilikuwa ya kwanza.

Basi Sulemani akavisoma vifungu vyote, kimoja kimoja, mdomo ukicheza. Breki alikuwa nazo. Taa alikuwa nazo mbili. Moja ilitazama barabara na ya pili ilitazama migomba, lakini zote ziliwaka. Kifungu cha tisa ndicho kilichomsimamisha: "Kila gari sharti liwe na pembe moja yenye nguvu, iliyofungwa mbele, iwezayo kusikika umbali wa yadi mia."

Akaenda moja kwa moja ofisini kwa Karani Bundi, Mmeru aliyesoma misheni, ambaye ndiye aliyeifasiri ile amri kwa Kiswahili. Bundi alikuwa na kamusi, na kamusi ilimwambia kwamba lile neno la Kizungu maana yake ni pembe. Haikumdanganya. Wazungu wana neno moja tu kwa honi ya gari na pembe ya ng'ombe, na sijui huko kwao wakisikia mlio barabarani wanajuaje kama wapishe gari au wapishe fahali.

"Karani," Sulemani alisema, "hapa ulitaka kusema honi."

"Mzee Sulemani, mimi sikutaka kusema kitu. Serikali ndiyo imesema."

"Gari yangu iko na honi. Inalia mpaka Kigumo."

"Honi haimo kwenye amri. Ukipenda kubaki nayo, hiyo ni starehe yako."

"Si ubadilishe basi. Ni neno moja tu."

Bundi aliinuka, akafunga mlango, akarudi na sauti ndogo. "Karani aliyekuwa kwa hiki kiti alikosea tarehe ya baraza. Wakasema anavuruga amri za Serikali. Sasa yuko kambini, wanamsahihisha. Na huyu Bwana amepita mtihani mkubwa wa Kiswahili, ndio ukampa cheo. Nilimwekea hii karatasi mezani, akaitazama, akasema 'Mzuri sana,' akapiga muhuri. Sasa unataka mimi nimwambie hakusoma?"

Sulemani alitoka akiwa na hasira, na hasira ya mtu anayegombana na neno ni mbaya, kwa sababu hana pa kulikamata.

Nyumbani alimkuta mkewe, Mwanakombo, akichagua mawe kwenye ndengu. Mwanakombo alizaliwa Meru, akakulia Gakoromone kati ya wachuuzi, na hakuwa mtu wa kutishwa na karatasi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa.

"Baba Rahema, wewe kazi yako ni gani?"

"Bucha."

"Nyuma ya bucha kuna nini?"

Nyuma ya bucha kulikuwa na rundo la pembe ambalo hata mbwa walikuwa wamelichoka.

"Wangetaka mkonga wa ndovu, hapo tungeanza matanga," Mwanakombo alisema. "Wametaka pembe. Wape pembe."

"Watu watanicheka."

"Heri uchekwe ukiwa ndani ya gari kuliko uhurumiwe ukitembea."

Sulemani akachagua pembe ya fahali, nene, akaitoboa ubavuni kama wazee wa huku wanavyotoboa pembe za kuitia watu, akaifunga juu ya boneti kwa nati mbili. Kufikia Alhamisi jioni, wenzake wanne wenye magari walikuwa wamepitia bucha, na rundo likawa limekwisha.

Ijumaa uwanja ulijaa. Bwana Krofti alikuja na mgeni kutoka Nairobi, mkubwa wa mambo ya magari, mtu mrefu mwenye daftari ambaye hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji lakini aliipenda sheria kwa moyo wake wote. Magari matano yalikuwa yamepangwa mstari, kila moja na pembe yake, na kwa mbali ungedhani ni mnada wa mifugo.

Bwana Krofti alisimama mbele ya pikapu, orodha ya walioshindwa ikiwa tayari mkononi.

"Hii nini iko hapa mbele?"

"Pembe, Bwana," Sulemani alisema. "Kifungu cha tisa."

Bwana akamgeukia karani. Bundi, jasho likimtiririka shingoni, akakisoma kifungu cha tisa kwa sauti, mpaka kwenye yadi mia. Mgeni akauliza kwa lugha yao kilichoandikwa ni nini.

Sasa Bwana Krofti alikuwa na njia mbili. Angeweza kusema kwamba alitia sahihi asichokisoma, na mtihani wake ukaenda na maji pamoja na cheo chake. Au angeweza kuwa Bwana Krofti. Alikohoa.

"Ndiyo. Pembe. Mimi naandika pembe." Kisha akamweleza mgeni kwamba watu wa milima hii huheshimu pembe tangu enzi, na kwamba amri nzuri hufuata desturi. Mgeni alipendezwa mno, akaandika ukurasa mzima.

"Piga," Bwana akaamuru.

Sulemani hakusogea. "Bwana, hii ni Hali ya Hatari. Amri inasema anayepuliza pembe anaita watu wa msitu. Nikipuliza, nafungwa mimi. Nisipopuliza, inafungwa gari. Bwana achague."

"Mimi natoa ruhusa."

"Iandikwe, Bwana. Mimi ni mtu wa kusahau."

Mashine ya taipu ikaletwa uwanjani. Bundi akaandika kwamba Sulemani na wenzake wanne wanaruhusiwa kupuliza pembe, kila mmoja mara moja, katika uwanja wa Runyenjes, wala si kwingineko. Muhuri ukapigwa. Sulemani akaivuta pumzi, akapuliza.

Soko zima likalala chini. Wanawake walilalia viazi vyao, homgadi wawili wakatumbukia kwenye handaki walilolichimbisha wenyewe, na mwalimu mmoja aliinua mikono juu kabla hajaulizwa kitu. Yadi mia zikathibitishwa. Magari yote matano yakapewa vyeti, na orodha ya Jumatatu ikabaki mkononi mwa Bwana, safi, bila mtu wa kuitumia.

Hapo ndipo mgeni alipofunga daftari na kuuliza kuhusu gari la sita. Lilikuwa chini ya mti, Landrova ya Bwana mwenyewe. Bundi, kwa kuwa aliulizwa, akasoma kifungu cha kumi na nne, ambacho Bwana alikuwa amekiongeza ili magazeti ya Nairobi yafurahi: amri ni ya kila gari, bila kujali cheo wala rangi ya mwenyewe.

Ikabidi Bwana Krofti atembee hadi bucha.

"Pole, Bwana," Sulemani alisema akipekua nyuma. "Pembe za ng'ombe zimekwisha kabisa. Imebaki hii moja ya beberu."

Bwana hakuwa na la kufanya. Beberu akafungiwa pembe ya beberu, akapewa cheti na karani wake mwenyewe, akaondoka na mgeni kwenda kumwonyesha kizuizi cha Kanja, fahari ya tarafa. Saa moja baadaye Sulemani alipakia nyama, akafuata barabara hiyo hiyo.

Kizuizini alikuta Landrova imewekwa kando, milango wazi. Karibu yake, viatu jozi mbili vimepangwa vizuri. Na karibu na viatu, Bwana Krofti na mgeni wake wamekaa chini kwenye tope, mikono kichwani.

Mwiti, sajini wa homgadi, alikitazama cheti cha Sulemani, akakirudisha. "Kiko sawa. Pita, mzee."

"Na hawa?"

"Huyu mrefu alitaka kusikia kama inalia. Huyu mwingine akapuliza. Amri ya mwezi wa pili: mtu yeyote atakayepuliza pembe, na aliye pamoja naye, wavuliwe viatu, wakae chini, mikono kichwani, wasisikilizwe."

"Lakini Mwiti, huyo si Bwana Krofti?"

"Ndiye. Mwezi uliopita niliachilia chifu kwa sababu namjua. Bwana akanisimamisha juani siku nzima na gunia la mchanga begani. Akaniambia, 'Amri hapana jua mtu.'" Mwiti alinyoosha mkanda wake. "Basi na mimi leo simjui."

"Anatokaje sasa?"

"Kwa barua. Iwe na sahihi ya Bwana Krofti na muhuri."

"Si aitie sahihi hapo alipo."

"Mahabusu haruhusiwi kushika kalamu. Hiyo pia ni amri yake. Imeandikwa vizuri sana."

Ng'ambo ya barabara wanawake wa kijiji walikuwa wakichimba handaki la kazi ya lazima. Kucheka wakati wa kazi kulikatazwa, kwa hiyo hawakucheka. Mmoja wao, Kathambi, aliegemea jembe lake tu.

"Nilisema huyu mtu ameota pembe," alisema. "Mkabisha."

"Sulemani," Bwana Krofti aliita kutoka chini. "Wewe napeleka mimi Runyenjes. Muhuri iko ofisi."

Sulemani alimtazama. Mahali pale pale, kwenye tope lile lile, mdogo wake Rashid alikuwa amekalishwa siku mbili za mvua kwa sababu muhuri wa karatasi yake ya safari ulikuwa umefifia, na tangu hapo kifua chake hakikupona. Sulemani alisikia utamu moyoni, na wala hakuona haya.

"Pole sana, Bwana. Kifungu cha kumi na moja. Gari la nyama lisibebe mtu."

Mwiti akainua mti wa kizuizi. Upande wa pili mbuzi alikuwa amesimama katikati ya barabara, akiikodolea macho ile Landrova kama aliyeona jamaa yake. Sulemani hakugusa pembe. Alibonyeza honi, akaibonyeza kwa muda mrefu kuliko mbuzi alivyohitaji, kwa kuwa honi haikuwa imekatazwa na amri yoyote.