Misonobari Yangu na Zile Nyuzi Nyeupe

Jumatatu, 3 Machi
Mwenyekiti wa kitalu, ambaye hayupo; mke wangu, aliyepo lakini hasikilizi; misonobari yangu mia mbili, mikubwa kwanza, midogo baadaye: nawasalimu. Jumamosi atachaguliwa msimamizi wa kitalu chetu. Mwenye miche yenye afya ndiye. Mpinzani ni mmoja tu: Shemeji, mdogo wake mke wangu. Leo nimepasua kiriba kimoja, kimfuko cha kuoteshea mche. Lo! Mizizi imezongwa na nyuzi nyeupe. Kuvu! Hujuma! Nimeisugua mizizi ya miche yote kwa sabuni na mswaki. Usafi wa kupigiwa mfano.

Jumatano, 5 Machi
Miche imenyong'onyea. Shemeji amepita, akaangua kicheko. Akaniuliza: shemeji jamani, umeiogesha au umeichuna ngozi? Akafafanua kwamba zile nyuzi ni kuvu rafiki: huinyonyea mizizi maji na madini kutoka mbali, nayo mizizi huilipa sukari. Yeye huchanganya kila kiriba na udongo wa chini ya misonobari mikongwe. Nilimjibu kwa utulivu kwamba nilikuwa najua. Sikuwa najua.

Alhamisi, 6 Machi
Nimechota ndoo nzima ya udongo wa Shemeji akiwa sokoni. Ushindi! Ila una vijidudu, nami si mtu wa kupanda kwenye uchafu. Nimeukaanga hadi ukafuka moshi. Mke wangu ameuliza kama hicho ndicho chakula cha mchana, kisha akanipokonya sufuria. Wivu.

Jumamosi, 8 Machi
Ukaguzi. Miche ya Shemeji: kijani hadi inachoma macho. Kwangu, Mwenyekiti aliuliza kama ni miche au njiti za kiberiti. Shemeji amepita kwa kura zote, yangu ikiwemo. Nilinyoosha mkono kujikuna. Dada yake amemsimulia habari za ile sufuria, naye amenieleza kwa upole kwamba kuvu niliikaanga ikafa. Amenipa ndoo nyingine, mbichi, akinisihi nisiitie ujuzi wowote.

Jumapili, 9 Machi
Wapendwa, nimeng'amua! Kuvu ni mfanyakazi, na mfanyakazi huhamia penye ujira mnono. Mizizi inalipa kiduchu mno. Kitanda cha miche cha Shemeji kiko hatua tatu tu kutoka changu: kuvu yake yote itahamia kwangu kwa furaha! Kwa hiyo ninaazimia: sukari yote iliyo kabatini imiminwe leo kwenye viriba vyangu. Anayepinga? Mke wangu hayupo. Miche imenyamaza. Azimio limepita kwa kauli moja. Misonobari, jiandaeni kupokea wageni.