Mtani na Kodiani ya Kuazima

Jumatatu, 19 Juni 1972

Siku kubwa! Mzee Mansukh, muuza vitambaa wa karibu na stesheni, anafunga duka na kuhamia kwa binti yake Dar es Salaam. Ametuletea shuleni sanduku la vyombo vya muziki vilivyokosa mnunuzi tangu kabla ya Uhuru. Tarumbeta nne. Ngoma mbili za bendi. Na kodiani moja nyekundu, kile kinanda cha kuvuta na kubana, yenye mikanda ya ngozi. Niliishika nikasahau kumwambia mzee asante.

Mimi ndiye mwalimu wa kuimba hapa Ng'ambo, Tabora. Mzaramo wa Maneromango, mwaka wa tatu sasa katika mji huu wa vumbi. Kodiani naijua. Nilifundishwa misheni kwetu. Wimbo mmoja tu, lakini naujua. Na kiti cha Afisa Utamaduni wa Wilaya kiko wazi tangu Machi. Nani atakikalia? Mtu ambaye wakubwa wamemwona kwa macho yao akipiga kodiani.

Mwalimu Mkuu ameamua vyombo vyote waazimwe watoto ambao wazazi wao hawana uwezo. Nimeunga mkono kwa sauti kuliko wote. Huo ndio Ujamaa, nikasema, nikapigiwa makofi. Hesabu yangu ni rahisi. Kodiani itakosa mtoto wa kuiweza. Itabaki kwangu.

Jumatano, 21 Juni

Nimeandika masharti kumi na manne ya kuazima. Mwalimu Mabruki wa hesabu, Mnyamwezi wa hapa hapa na kwa hiyo mtani wangu, aliomba kuongeza la kumi na tano. Nikamruhusu. Nilikuwa nashughulika na muhuri. Nikatia sahihi bila kusoma.

Mtihani wa kodiani niliuweka mgumu makusudi. Mtoto asikie wimbo mara moja, aupige wote. Watoto kumi na mmoja wakashindwa. Raha! Wa kumi na mbili akaja Pelagia wa darasa la sita, msichana mwembamba wa nyumba za nyuma ya soko, asiye na viatu. Nikapiga wimbo wangu. Akasikiliza amefumba macho. Akaupiga wote. Pale ninapokosea mimi kila siku, yeye hakukosea.

Jioni nikasoma sharti la kumi na tano. Mwalimu hataweza kuchukua chombo cha mtoto kabla ya mwisho wa mwaka, kwa neno, kwa barua wala kwa nguvu, ila mtoto akirudishe kwa hiari yake. Mabruki! Mtu ambaye hajui wimbo hata mmoja.

Jumamosi, 24 Juni

Nimekwenda kwa kina Pelagia kuitafuta hiari yake. Nilibeba tarumbeta niliyoisugua mpaka ikang'aa, na pakiti ya biskuti. Nikamweleza kuwa tarumbeta ni chombo chepesi, cha kisasa, cha watu wa mbele katika gwaride. Alinisikiliza kwa adabu zote. Akasema babu yake anaumwa, tarumbeta itamshtua.

Babu mwenyewe, Mzee Tobias, alikuwa amelala barazani juu ya ngozi ya ng'ombe. Nikampa shikamoo. Akaitikia, akaniuliza kabila. Nilipotaja, alicheka mpaka akakohoa. Baba yake alikuwa mpagazi, akibeba pembe za ndovu kutoka hapa hadi pwani. Alikwenda mara tatu. Mara ya tatu homa ilimkuta Uzaramo, akafia huko, na hakuna ndugu aliyekuwa karibu. Wazaramo ndio waliomwosha na kumzika. Ndiyo maana sisi ni watani, alisema mzee. Watu waliozikana watakasirikiana vipi tena?

"Baba yangu mlimzika ninyi," akaniambia. "Na mimi utanizika wewe, Mwalimu. Nimefurahi umewahi."

Nilijidai kucheka. Kisha Pelagia akapiga wimbo aliofundishwa na babu, wimbo wa wapagazi wa kuhesabia hatua wakiwa wamechoka. Wa polepole. Mzee akawa anagonga ubao wa mlango kwa kidole. Tangu nifike Tabora sijakumbuka kwetu kwa namna ile. Nilimkumbuka mama. Nilisimama na tarumbeta yangu mkononi, sijui niiweke wapi. Biskuti nikaziacha.

Alhamisi, 29 Juni

Habari! Siku ya Saba Saba atakuja mgeni kutoka Wizarani. Anataka kusikia muziki wa shule. Nikajitolea hapo hapo kupiga kodiani. Mwalimu Mkuu akasema kodiani ina mwenyewe mpaka Desemba, masharti yenu wenyewe hayo. Mabruki akaangalia dari.

Nikamwita Pelagia, nikamweleza kwa kirefu maana ya kujitolea kwa ajili ya taifa. Akauliza kama taifa litairudisha kila jioni, kwa sababu jioni ndipo babu anapoisikiliza. Nikamwambia akamwagilie bustani.

Jumamosi, 1 Julai

Mzee Tobias alifariki jana alfajiri. Nimehuzunika, naandika kwa ukweli kabisa. Lakini nilipokuwa nafunga vifungo vya suti kwenda msibani, wazo likanijia. Mtani msibani ana ruhusa ya kuchukua kitu chochote, na hakuna wa kununa! Sharti linasema kwa neno, kwa barua, kwa nguvu. Utani halikuutaja.

Nikaingia uani nikimsema marehemu kwa sauti: mvivu gani huyu, wageni wamejaa na yeye amelala. Wanawake wakacheka huku wanalia, ndivyo inavyotakiwa. Nikapita moja kwa moja ndani. Nikatoka na kodiani kifuani. Pelagia aliniona. Sikumtazama usoni.

Karibu na lango akanizuia shangazi yake, Bi Eustadia. Nilijua atainyakua. Hapana. Akanishukuru kwa kufika. Walikuwa na wasiwasi kwamba mtani hatatokea, na mzee alikuwa ameagiza kaburi lianzwe na yule Mzaramo wa shule. Akanipa jembe.

Ardhi ya hapa mwezi wa saba ni tofali. Nimechimba na suti. Kodiani nimeibeba mgongoni kwa mikanda yake, maana niliogopa kuiweka chini ikarudi kwa mwenyewe. Kila nilipoinama ikajibana ikalia, nilipoinuka ikalia tena. Padri alijitahidi kuwa na uso wa ibada. Mabruki alinipokea jembe mara mbili bila kuombwa. Hilo sikulitegemea kwake.

Tulipomshusha nililia. Mtu akanikumbusha kuwa kazi ya mtani ni kuchekesha. Nikasema ni vumbi.

Jumatatu, 3 Julai

Jana nilishinda kwa kina Pelagia nikiteka maji na kupasua kuni, maana mtani aliyechukua kitu hana ruhusa ya kuchoka. Usiku nikafanya mazoezi ya wimbo wangu. Siku hizi nausikia mdogo.

Leo walianua matanga. Nilikwenda kuaga tu. Kosa! Jamvi limetandikwa, watu wamekaa, na katikati amesimama Pelagia na kuku kwapani. Nilikuwa nimesahau nusu ya pili ya desturi yetu wenyewe. Alichochukua mtani hugombolewa, na mtani akipewa cha kugombolea hawezi kukataa, hata kiwe punje ya karanga. Karanga ingetosha! Yeye kaleta kuku wake anayetaga, na hana mwingine.

"Mtani wa babu, pokea," akasema. "Naomba kodiani. Wimbo wake nisipoupiga kila siku utanipotea, na sasa hakuna wa kumuuliza."

Nilifungua mdomo kusema ni mali ya shule. Watu wote wakanitazama, bila hasira hata kidogo. Hilo ndilo lililonimaliza. Nikaona aibu ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni. Nikampa. Akaivaa, akavuta kidogo kuona kama ni nzima. Ilikuwa na mchanga wa kaburi kwenye mikunjo, akaupuliza taratibu.

Nilitaka kumrudisha kuku. Bi Eustadia akasema kumrudisha ni kumkana marehemu. Kuku yuko jikoni kwangu. Ametaga juu ya nakala ya masharti.

Ijumaa, 7 Julai

Saba Saba. Uwanja umejaa. Pelagia akapiga wimbo wa wapagazi mbele ya mgeni wa Wizarani. Kazi yangu ilikuwa kumshikia kiti kisiyumbe, kina mguu mfupi. Mwanzo watu walikuwa wanaongea. Kisha wazee wa safu ya nyuma wakaanza kuitikia kwa Kinyamwezi, kwa sauti za chini, na uwanja ukatulia. Mzee mmoja aliinuka akatembea hatua chache mahali pale pale, shingo imenyooka, kana kwamba ana mzigo kichwani. Kwa muda wa wimbo ule nilisahau kuwa kuna kazi niliyokuwa naitafuta. Naandika hili nisije nikalikana.

Baadaye mgeni akauliza nani alihakikisha chombo kinabaki kwa mtoto huyu. Mwalimu Mkuu akasoma sharti la kumi na tano. Mabruki amepewa kukaimu Uafisa Utamaduni. Mabruki! Mgeni alinipa mkono pia, akanishukuru kwa kiti.

Jumapili, 9 Julai

Nimetafakari tangu asubuhi. Chombo ni cha yule ambaye bila hicho kuna kitu kitampotea. Si cha mtu anayetaka kuonekana. Nimeyaandika haya kwa wino mwekundu na kuyabandika ukutani juu ya kitanda. Mimi ni mtu mwingine sasa.

Kabla ya kupanda treni, mgeni alituachia gitaa. Jipya! Nyuzi sita, halina hata mkwaruzo. Mwalimu Mkuu amemkabidhi Mabruki alitunze nyumbani mpaka apatikane mtoto wa kuazimwa.

Mchana nimepita kwa Mabruki kumpongeza. Hakuwapo. Anaishi na bibi yake, Bi Imakulata, mama wa mama yake, Mnyamwezi naye, mwenye miaka tisini na kitu. Gitaa liko chumbani kwa bibi, juu ya kabati. Bibi alifurahi sana aliposikia mimi ni Mzaramo. Nilimpa sukari robo kilo, nikamuuliza kifua kinaendeleaje. Akasema kifua hakijamsumbua tangu vita ya Mjerumani. Miguu? Mizima. Usingizi? Wa kutosha. Nimemwambia asijali, nitapita tena kesho kumjulia hali.