Wifi Hataniua Mbele ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Makubwa! Mwalimu ametangaza kwamba Jumamosi, kwenye mashindano, nitauawa na Wifi.

Nieleze, maana moyo wangu hauna pengine pa kupumulia ila hapa. Katika wushu, mchezo wetu wa mapigano wa Kichina, pambano la watu wawili hupangwa. Kila pigo linajulikana, kila mruko, na nani ataanguka mwisho. Mimi mkuki, dada wa mume wangu upanga. Siku zote mimi huua, yeye hufa. Ndivyo tulivyotwaa ubingwa wa akina mama. Ndivyo picha yangu ilivyopanda ukutani pale ukumbini. Leo Mwalimu anasema goti la Wifi limechoka kuanguka, tubadilishane. Na tukikosa medali safari hii, tunastaafu sote wawili. Kazi yetu itakuwa kuwafunga watoto mishipi.

Nikamwambia bingwa hafi. Akasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Wifi akakenua, eti umeona wifi yangu, mkuki kwa nguruwe.

Na mama mkwe atakuwa kiti cha mbele! Amwone bintiye akinimaliza? Hata!

Jumanne, 4 Machi

Nimepata njia. Tatizo si goti? Basi goti lipone. Nimempelekea Wifi dawa ya kuchua, nikamchua kwa mikono yangu, huku nameza maneno. Kisha nikawaomba akina mama wa kikundi cha sala waliombee goti lile peke yake, wasilichanganye na maombi mengine.

Alhamisi, 6 Machi

Mungu amesikia. Amesikia kupita kiasi. Wifi kaja mazoezini anaruka kama ndama. Nikamwambia Mwalimu, kwa unyenyekevu, kwamba mgonjwa kapona, basi arudi kufa. Wifi akasema goti kama hili si la kupoteza, ataniruka kwanza kichwani ndipo anichome. Mwalimu akapenda!

Nikagoma kimyakimya. Ulipofika mwisho nikaanguka polepole, kama mtu anayetafuta pa kukaa. Mwalimu akauliza nimeuawa au nimekaribishwa.

Ijumaa, 7 Machi

Akili imenijia nikitandika kitanda. Anayeua hubaki kasimama tu kama nguzo. Anayekufa ndiye anayetazamwa! Asubuhi nzima nimejifunza kufa. Nazunguka, naukumbatia mkuki kama mtoto mchanga, mkono mmoja unaaga dunia, puu kitandani. Chaga mbili zimevunjika. Mume wangu akauliza alale wapi. Nikamwambia akamuulize dada yake. Akasema kweli, fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, na nyasi ni yeye.

Jioni nimekufa mazoezini, watoto wote wakapiga makofi. Mmoja akalia kabisa! Wifi kabaki na upanga wake, hakuna aliyemwona. Papo hapo akadai kwamba haki itendeke, goti limepona, kifo ni chake tangu zamani. Mwalimu akashika kichwa. Akasema atakayegusa mpangilio tena atamtambua. Wifi akanibebea na mkuki hadi mlangoni. Nikajisemea, huyu kashindwa.

Jumamosi, 8 Machi

Msiba. Tulianza vizuri mno. Mkuki unavuma, upanga unalia, mama mkwe mdomo wazi. Pigo la mwisho Wifi akaniruka, akanichoma, nikaanza kuzunguka kwa uzuri wangu wote. Na yeye akashika kifua, akaanguka! Nani kamgusa?

Tukalala wawili zuliani. Desturi ya mchezo, anayebaki hai humwinua mwenzake, wakawasalimu waamuzi pamoja. Hakubaki mtu. Nikamnong'oneza ainuke, muuaji ni yeye. Akanijibu eti marehemu hasemi. Nikamwambia basi na anyamaze. Muda ukapita, kengele ikalia, tumekaza. Mwamuzi mkuu akashuka mwenyewe, akainama, akauliza tuitiwe daktari au mchimba kaburi.

Tumekuwa wa mwisho. Medali imekwenda kwa mama mmoja dobi wa mtaani na dada yake, na yule dada alidondosha fimbo! Mwalimu hakupiga kelele. Alisema tu sare tuzirudishe, watoto wanasubiri mishipi. Mama mkwe alipita bila kusalimia yeyote kati yetu.

Lakini aliyefumbua jicho kwanza ni Wifi. Nimemwona kwa macho yangu mawili.

Jumapili, 9 Machi

Mahubiri ya leo yalihusu kujishusha. Yalinigusa sana. Nikaomba Wifi awe ameyasikia.

Mume wangu kaleta habari njema. Kamwendea Mwalimu, kambembeleza, naye amelegea. Tukienda kwake tukaombana msamaha wa kweli mbele yake, anaturudisha kikosini. Nimelia machozi ya shukrani! Ningeishije bila zulia lile, mimi niliyelikanyaga tangu nikiwa msichana? Nikajifunga kanga vizuri, mbio kwa Mwalimu.

Wifi huyo, mlangoni. Tukabisha hodi. Akaanza kusema nisamehe wifi yangu. Nikamwambia ngoja kwanza, msamaha naanza mimi, mimi ndiye mkubwa. Akasema aliyefika kwanza ni yeye. Nikapiga magoti. Naye akapiga, na mikono kainyoosha juu, mshenzi! Nikalala kifudifudi. Akalala, akaongeza na kwikwi. Mwalimu akafungua mlango. Akatutazama pale chini, mmoja baada ya mwingine, akaufunga. Tukasikia komeo.

Haya. Kesho saa kumi ni mishipi ya watoto. Siogopi, Mungu hamtupi mja wake. Ila majirani walikuwa wametoka wote barazani wanatazama, na naapa, hapana, siapi, ni dhambi, nasema tu: waliyekuwa wanamtazama ni mimi.