Nimejiuzia Cherehani ya Mama Mwende

Leo nimeumbuka. Nimeumbukia saiba, mchana kweupe, mbele ya watu waliokuja kusoma barua pepe zao kwa amani.

Mnaijua ile biashara yangu. (Mnaijua, mlinicheka nilipoianza.) Mtu wa Kabiro, hapa hapa Kawangware, ananiletea kitu chake, nakipiga picha, nakiweka kwenye mnada wa mtandaoni, kikiuzwa nakata kamisheni. Tangu fujo za uchaguzi zianze, vitu vimejaa hadi mlangoni, maana kila mtu anatafuta nauli ya kwenda kwao. Wanunuzi ndio hakuna. Nani atapita barabara zilizofungwa kwa mawe aje Kawangware kuchukua redio?

Majuzi Mama Mwende akaniletea cherehani. Ni fundi wa nguo, alikuwa na kibanda Lindi, kule Kibera, mpaka fujo zikamtoa, akahamia kwa binamu yake hapa kwetu. Ndiye aliyenishonea suruali ya intaviu bure (kazi sikupata, lakini suruali ilinikaa). Akasema, "Kioko, iuze nirudi Kitui." Akaipapasa kidogo, akaondoka bila kugeuka. Roho iliniuma.

Siku mbili, hakuna dau hata moja. Kila jioni anauliza. Jana nikafungua akaunti nyingine, jina Daktari wa Lavington (mtaa wa wenye pesa), nikaweka dau dogo ili Mama apate moyo na wengine waingiwe na wivu. (Najua ni dhambi. Nyamazeni.)

Leo mnada ulikuwa ufungwe saa sita. Naingia saiba, namkuta Mama Mwende kwenye kompyuta ya pembeni, na Wambo, msichana wa saiba, amemwinamia.

"Namsomea barua ya Mwende," Wambo akasema. Sikushuku kitu.

Nafungua mnada. Mtu anayejiita Ua la Kitui amenipita! Mnunuzi wa kweli! Nikapandisha. Naye akapandisha. Nikajiambia huyu ana pesa, wacha nimsukume, Mama aende kwao na kitu mkononi. Dau likapita bei ya cherehani mpya dukani. Nikasema napandisha mara ya mwisho, kisha namwachia ashinde. Nikabonyeza. Mtandao ukakwama. Uliporudi saa sita ilikuwa imepita, na mshindi nilikuwa mimi.

Mama Mwende akaja machozi yakimlengalenga, akanishika mkono.

"Kioko, kuna daktari amechukua cherehani yangu. Mpigie umwambie aniachie."

"Si ulisema iuzwe, Mama?"

"Nilisema. Halafu sikupata usingizi. Hiyo ndiyo ilisomesha Mwende. Nikaona aibu kuja kuitoa nikuharibie kazi, nikaona heri ninunue mwenyewe. Pesa si ingerudi tu kwangu? Na wewe ungekata kamisheni yako."

Jamani. Katika shida zake zote, alikuwa ananifikiria mimi.

Ningekiri hapo hapo. Badala yake nikatoa simu (haikuwa hata na chaji), nikaiweka sikioni. "Halo, daktari? Kuna mama hapa anaomba umrudishie... Sawa. Mungu akubariki." Nikamgeukia. "Amekubali. Ni mtu poa sana."

"Aki ni mtu poa," akasema Wambo, kumbe amesimama nyuma yangu. "Lakini Kioko, mbona kwa skrini yako wameandika, 'Hongera Daktari wa Lavington, umeshinda'?"

Saiba nzima ikacheka. Mama Mwende akasoma polepole, kidole kikifuata herufi. Nikangoja kofi.

"Ni wewe ulikuwa unanipandishia?"

"Ni mimi, Mama. Na Ua la Kitui ni wewe?"

Akacheka mpaka akatafuta kiti. Kisha akapangusa macho. "Haya, daktari. Ibebe. Kitui itangoja."

Tukaenda kuitoa kwangu, nikaibeba kichwani. Siku hizi ukionekana na kitu cha nyumba barabarani, watu wanajua umepora. Hatukufika mbali, vijana wakanizuia. "Buda, hiyo umetoa wapi?"

Mama Mwende akajibu kabla sijafungua mdomo: "Mwacheni apite. Ni daktari wangu."

Sasa hivi ameiweka dirishani kwa binamu yake na ameanza kushona. Nami nikiulizwa kama biashara ya mnada wa mtandaoni inaweza kuishi Kawangware, nitajibu inaweza kabisa, mradi dalali na mwenye mali wasiingie saiba moja.