Betri Mbili za Mwalimu Deodatha

Wekeni chini vikapu vya buni, enyi watu wa Bugomora, na ninyi mnaomenya matoke, pumzisheni visu, niwasimulie vita vya betri mbili vilivyopiganwa katika maabara ya shule ya wasichana kilimani, mwaka 1983, mwaka ambao sabuni, kiberiti na betri vilitoweka madukani kama jeshi lililoamriwa kurudi nyuma.

Ijumaa, saa tano asubuhi, alitokea mgeni asiyetazamiwa katika ofisi yetu ya walimu. Jina lake Projest, na baiskeli yake ilikuwa imebeba matope yote ya njia ya Kihanga.

"Yupi kati yenu ni Deodatha?"

Akainuka Deodatha binti Gaudiosus, mwalimu wa Fizikia, mshika chaki asiyetetemeka, mwenye redio pekee iliyokuwa bado ikisema shuleni. Akapokea barua ya Fidele, mwalimu mwenzetu aliyehamishiwa Mwanza, akaisoma mbele yetu: "Neno nililoshindwa kukuambia miaka miwili, nimelituma redioni. Litasomwa kwenye salamu Ijumaa hii, saa tisa alasiri. Mpe Projest jibu."

Ofisi nzima ikashusha pumzi. Lakini betri za redio ile zilikuwa zimechoka. Siku tatu tulizianika juani juu ya jani la mgomba zipate nguvu kidogo, na nguvu hiyo ilikwisha kuahidiwa. Jumatatu, Mukandekezi wa Kidato cha Pili, binti wa mkulima wa Isingiro, alisema kwa upole, "Madam, umeme tunaukariri tu." Naye Deodatha akaapa mbele ya wasichana arobaini: "Ijumaa kila mmoja wenu atawasha taa kwa mkono wake."

Ndipo Mwalimu Speciose, mbabe wa Hisabati, akasimama kuhutubia.

"Dada yangu, dukani kwa Saleh hakuna betri tangu Pasaka. Wachoree taa ubaoni, wataelewa. Harusi haichorwi!"

"Mwalimu Speciose," akajibu Deodatha, "nikiwadanganya leo kuhusu taa, kesho wataniaminije kuhusu jua?"

Saa nane akaingia uwanja wake wa vita, maabara, na zile betri mbili za redio, nyaya mbili, balbu ya tochi, na swichi aliyoikata kwenye bati kuukuu. Wakaja mmoja mmoja, na kila taa ilipowaka darasa lilipiga kigelegele cha ushindi. Therese akawasha mara mbili, akakemewa kama msaliti wa nchi. Kufikia msichana wa thelathini mwanga ulikuwa wa njano kama rubisi, pombe yetu ya ndizi. Wa thelathini na saba, kama kaa linalokufa.

Speciose akachungulia dirishani. "Saa tisa kasoro dakika sita! Hao waliobaki si wameona?"

Wawili wakawasha upesi. Akabaki Mukandekezi, aliyekaa nyuma kabisa. Habari ya barua ilikwisha kufika hata madawati ya nyuma.

"Madam, mimi nimeshaona. Peleka betri."

"Sikuahidi kuona. Weka kidole."

Msichana akabonyeza. Ndani ya balbu ukatokea uzi mwekundu, mwembamba kama unywele, ukadumu kwa kitambo cha pumzi moja, ukazimika. Hakuna aliyepiga kigelegele. Mukandekezi alikuwa bado amebonyeza.

Saa tisa kamili betri zikarudishwa redioni. Deodatha akaiweka redio sikioni; ikakwaruza mara moja, ikanyamaza. Akaifuta vumbi kwa pindo la kanga, polepole, upande mmoja na upande wa pili.

"Shemeji," akasema Projest akishika baiskeli, "samahani, dada. Nikamwambie nini?"

"Mwambie neno lake sikulisikia. Kama bado analo, alilete mwenyewe. Matope ya Kihanga anayajua."

Kisha shujaa akaketi, akafungua andalio la somo, na mbele yetu sote, kwa mwandiko ulionyooka, akaiandikia historia: Saketi sahili. Wanafunzi 40. Waliowasha taa: 40.